Ada Iliyosamehewa: Mtoto Asiye na Nyumba na Kombe la Jimbo la New York

Barazani kwetu baada ya swala ya Isha dhumna haisimami mpaka kahawa iishe. Juma lililopita ilisimama. Kijana mmoja, fundi wa simu, alikuja na picha ya mtoto mweusi aliyekumbatia kombe linalokaribia kimo chake. Maneno chini ya picha yalisema huyo ni bingwa wa sataranji wa jimbo la New York, na kwamba siku aliyolitwaa kombe hilo alikuwa akilala katika makao ya watu wasio na nyumba.

Simu ilizunguka mikononi. Ilipomfikia mzee wetu mmoja, nahodha mstaafu asiyeamini kitu alichokiona kwenye kioo, aliirudisha upesi.

"Mwanangu, hizi ni hadithi za mtandao. Mtoto wa miaka minane hana pake pa kulala, awashinde wana wa matajiri? Na hilo jimbo ni nini, ndiyo kaunti? Na ni nani aliyekaa akasema huyu ndiye wa kwanza, si yule?"

Nilianza kumjibu, kahawa ikapoa, na nilipofika nyumbani niliona sikumjibu sawasawa. Maswali yake matatu yote ni ya haki. Basi leo nayajibu kwa maandishi, na jibu la mwisho lina jambo langu mwenyewe ambalo sikulisema pale barazani.

Hadithi ni ya kweli. Mtoto huyo anaitwa Tanitoluwa Adewumi, Tani kwa kifupi, mzaliwa wa Nigeria. Alishinda Machi 2019, na mwezi huohuo mwandishi Nicholas Kristof akaiandika habari yake katika gazeti la New York Times, ndipo ikazunguka dunia. Picha mliyoiona ni ya miaka ile. Sasa yeye ni kijana, na sataranji hajaiacha.

Kuhusu jimbo. Marekani ina majimbo 50, na New York ni jina la jiji na la jimbo pia, ndipo watu wanapochanganyikiwa. Jiji liko kusini kabisa, baharini. Mashindano aliyoshinda Tani yalifanyika Saratoga Springs, mji mdogo ulio karibu kilomita 300 kaskazini mwa jiji, mwendo wa kutoka hapa Mombasa hadi Kibwezi hivi. Kwa hiyo si mashindano ya mtaa. Wanakuja watoto wa jiji, wa vijiji vya milimani na wa miji ya mpakani na Kanada, wanalala hotelini siku mbili, wazazi wamekaa sebuleni wanang'ata kucha.

Kila jimbo kule lina chama chake cha sataranji, na vyama vyote viko chini ya shirikisho la taifa. Chama cha jimbo ndicho kinachoandaa ubingwa wa wanafunzi. Kombe la jimbo si la kupiga picha tu, maana kila mwaka, wakati wa kiangazi, mabingwa wa sekondari wa majimbo hukutanishwa katika shindano linaloitwa Denker, kwa jina la Arnold Denker, aliyekuwa bingwa wa Marekani miaka ya 1940. Lilianza 1985. Baadaye yakaongezwa mengine kama hilo: la wanafunzi wa madarasa ya kati, la wa shule za msingi na la wasichana. Jimbo linapeleka bingwa wake, kama sisi tunavyopeleka timu ya kaunti. Kwa hiyo mzee wetu hakukosea sana aliposema kaunti.

Sasa swali lake la pili, nani aliyesema huyu ni wa kwanza. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu nimeona hata walimu wanaopeleka watoto mashindanoni hawawezi kumweleza mzazi kwa nini mwanawe amerudi na kikombe cha tatu na si cha pili.

Kwanza watoto hugawanywa kwa madarasa. Wa chekechea hadi darasa la tatu hucheza peke yao, wakubwa kidogo peke yao, hadi wa sekondari. Tani alishinda katika kundi hilo la kwanza, la chekechea hadi darasa la tatu. Hilo lisemwe wazi, maana mitandao ilisema "bingwa wa jimbo" kana kwamba aliwashinda na watu wazima wenye ndevu. Hakuwashinda. Aliwashinda watoto wa rika lake, na hilo si dogo, kwa sababu katika rika lake walikuwamo watoto wa shule ghali zilizo maarufu jijini, wenye walimu wa sataranji wanaokuja hadi nyumbani.

Pili, mashindano haya si ya mtoano. Mpira wa miguu ukifungwa robo fainali, basi, rudi nyumbani. Kwenye sataranji ya watoto, mtoto aliyesafiri kilomita 300 akapigwa asubuhi ya kwanza hawezi kuambiwa aende akalale. Hutumika utaratibu unaoitwa wa Kiswisi, kwa kuwa ulitumika mara ya kwanza mjini Zurich mwaka 1895. Kila mtu hucheza raundi zote. Ukishinda unapata pointi moja, ukitoka sare unapata nusu, ukishindwa huna kitu. Raundi ya pili walioshinda hukutanishwa na walioshinda, walioshindwa na walioshindwa, na hivyo hivyo hadi mwisho, bila watu wawili kukutana mara mbili. Kila raundi unakutana na mtu mwenye pointi zako au anayezikaribia. Ukipanda, wapinzani wanakuwa wagumu. Ukishuka, unapata wa kiasi chako.

Uzuri wa utaratibu huu ni hesabu. Raundi ya kwanza inawapunguza wasiopoteza hata mchezo mmoja kuwa nusu, ya pili nusu ya hao, na kuendelea. Raundi sita zinatosha watoto 64 kubaki na mmoja tu asiyeguswa. Wakiwa wengi zaidi, au zikitokea sare, juu wanabaki wawili watatu wenye pointi sawa, na hapo ndipo ugomvi wa wazazi huanzia.

Nitoe mfano. Asha na Rehema wamemaliza raundi sita kila mmoja na pointi tano. Wote wameshindwa mchezo mmoja. Kombe la pili ni moja. Mzazi wa Asha atasema wagawane, au warushe shilingi. Mwamuzi hafanyi hivyo. Anachukua karatasi, anaandika wapinzani sita wa kila mmoja, na anajumlisha pointi walizopata wapinzani hao katika mashindano yote. Asha alishindwa raundi ya kwanza, kwa hiyo akateremka chini, akawakuta wanyonge, akapanda polepole. Wapinzani wake walipata 4, 1, 2, 3, 4 na 4, jumla 18. Rehema alishinda tano za mwanzo akapigwa ya mwisho na bingwa mwenyewe. Wapinzani wake walipata 3, 3, 4, 4, 4 na 6, jumla 24. Kombe la pili ni la Rehema. Pointi ni zilezile, lakini njia aliyoipita ilikuwa na mawimbi makubwa zaidi. Ziko njia nyingine za kuhesabu, baadhi huondoa mpinzani aliye chini kabisa, lakini wazo ni hilo hilo. Nahodha angelielewa haraka kuliko mimi: hawaulizi umefika saa ngapi peke yake, wanauliza ulipita bahari gani.

Tani hakuhitaji hesabu hiyo. Katika raundi sita alipata pointi tano na nusu, yaani alishinda tano na kutoka sare mara moja. Hakuna aliyemshinda.

Kuna kitu cha tatu, nacho ni namba ambayo kila mchezaji huivaa kama kabila. Wanaiita kiwango cha Elo, kwa jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee. Shirikisho la Marekani liliikubali hesabu yake mwaka 1960, na lile la dunia, FIDE, mwaka 1970. Ukimshinda aliyekuzidi namba, yako inapanda sana. Ukimshinda aliye chini yako, inapanda kidogo tu. Ukishindwa na wa chini, unaporomoka. Tofauti ya namba inatabiri matokeo: mwenye namba 400 zaidi anatarajiwa kuzoa pointi 10 katika kila michezo 11. Kwa hiyo namba hii haijali shule yako, wala babako, wala lafudhi yako. Inajali ulicheza na nani na ikawaje.

Tani alipoingia mashindano yake ya kwanza, kama mwaka mmoja kabla ya Saratoga Springs, kiwango chake kilikuwa 105. Alikuwa wa chini kuliko wote waliokuwamo siku hiyo. Aliposhinda jimbo kilikuwa 1587. Mimi nacheza tangu ujana wangu, nikiwa na kahawa mkononi na maneno mengi mdomoni, na nina hakika mtoto huyo wa miaka minane angenifunga mfalme kabla sijamaliza kikombe.

Mashindano ya watoto kule hutoa pia vikombe kwa wenye kiwango cha chini, na vya timu, ambapo kwa kawaida hujumlishwa pointi za wanafunzi wanne bora wa shule moja. Wako watu wanaocheka wakisema kila mtoto anapewa kikombe siku hizi. Mimi sicheki. Mwenye 105 akiondoka mikono mitupu mara tatu mfululizo hatakuwepo mara ya nne.

Sasa tulifikie lile swali zito. Aliwezaje?

Familia ya Tani ni Wakristo wa Nigeria, na waliondoka kwao mwaka 2017 kwa kuwaogopa Boko Haram. Jina hilo tunalielewa Pwani bila mkalimani, maana neno haramu ni letu. Watu hao wamewaua Wakristo, na wamewaua Waislamu misikitini na sokoni huko Borno na Yobe, na bado wanadai wanaisemea dini. Sitaongeza hapo. Familia ilifika New York, ikaomba hifadhi ya ukimbizi, na ikawekwa katika makao ya wasio na nyumba huko Manhattan. Baba alikodi gari akawa anabeba abiria wa Uber, na pia akapata leseni ya kuuza nyumba. Kuna kejeli hapo, mtu asiye na nyumba kuuza nyumba, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama akasoma kozi ya kuhudumia wagonjwa majumbani.

Mtoto alipelekwa shule ya serikali iliyo karibu na makao, inayoitwa P.S. 116. Shule hiyo ilikuwa na mwalimu wa sataranji wa muda, Shawn Martinez, aliyekuja kufundisha darasa lao. Hapo ndipo Tani alipoijua sataranji. Akapenda, akataka kuingia katika klabu ya shule.

Klabu ilikuwa na ada. Kujiunga, kusafiri, kuingia mashindanoni, kila kimoja na bei yake. Jumla ilipita dola 300. Mama akaandika barua pepe akaeleza kwamba wanaishi katika makao ya wasio na nyumba na hawana uwezo wa kulipa. Aliyesimamia programu hiyo, Russell Makofsky, akaisamehe ada yote.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, katika lugha ya watu wanaopenda hadithi za vipaji, na kila mara sehemu hiyo inapewa mstari mmoja. Kombe linapewa aya kumi. Lakini ukikaa ukaipanga hesabu, mtoto huyu hakuanza kushinda Saratoga Springs. Alianza kushinda siku mtu mzima mmoja mwenye madaraka aliposoma barua ya mama mgeni, akaijibu, na jibu likawa ndiyo. Kama barua ile ingekaa wiki mbili bila kujibiwa, au kama angejibiwa "lete nusu, nusu utalipa mwezi ujao", leo hii tusingekuwa na picha ya kuzungusha barazani. Wala tusingejua kwamba tumekosa kitu, hilo ndilo baya lake. Kipaji kilichozuiwa mlangoni hakiandikwi popote.

Baada ya ada, kazi ilibaki kazi. Kila Jumamosi mama alimpeleka Harlem kwenye mazoezi ya bure ya saa tatu. Jioni baba alimwachia kompyuta yake, na Tani akawa anacheza sakafuni pale kwenye makao, saa baada ya saa. Katika mashindano ya jimbo alitoa mhanga askofu wake kwa askari mmoja tu, wale wadogo wa mstari wa mbele. Wakubwa waliokuwa wakimwangalia walishtuka, wakadhani amekosea. Wakaiingiza hatua hiyo kwenye kompyuta, nayo ikasema mtoto yuko sawa. (Hilo kete la askofu, kwa njia, Waarabu waliliita fil, tembo. Wazungu ndio waliolivisha kofia ya kanisa. Wajukuu wetu wakipenda kuliita tembo mimi sina neno.)

Yaliyofuata ushindi yanajulikana zaidi. Kristof aliandika, watu wakafungua harambee mtandaoni, na katika siku chache zikapatikana zaidi ya dola 200,000. Mtu mmoja akajitolea kulipa kodi ya mwaka mzima ya nyumba ndogo karibu na shule. Shule za kibinafsi zikampa nafasi. Wazazi wakakataa, wakasema shule iliyomwamini mwana wao alipokuwa hana kitu ndiyo atakayobaki nayo. Zile fedha za mchango hawakuzila: waliipa asilimia kumi kanisa lililowasaidia, na zilizobaki wakazitia katika mfuko wa kuwasaidia wahamiaji kutoka Afrika walio katika hali waliyokuwa nayo wao. Mei 2021, akiwa na miaka 10, Tani alifikisha kiwango cha 2223. Kule ukivuka 2200 unaitwa bwana wa sataranji wa taifa. Mwaka 2022 familia ikapewa hifadhi.

Lile suala la hifadhi lilichukua zaidi ya miaka mitano. Yaani mtoto alikuwa bingwa wa jimbo, kisha bwana wa taifa, na bado mamlaka za nchi hiyo hazikuwa zimeamua kama anaruhusiwa kubaki.

Mzee alikuwa na swali la nne, aliloliuliza tukiwa tumeshasimama kuondoka. "Na mchezo wenyewe si haramu?"

Mimi si mwanachuoni. Nina madrasa ya utotoni na diploma ya uhasibu. Nitasema tu yaliyo wazi vitabuni. Maulamaa walitofautiana juu ya sataranji tangu zamani, na wengi katika madhehebu mengine waliikataza. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi hapa Pwani, Imamu Nawawi aliihesabu kuwa makruhu, na akasema inakuwa haramu ikichezwa kwa kamari au ikimpotezea mtu swala. Januari 2016 Mufti Mkuu wa Saudia alisikika akiikataza, akataja kupoteza wakati na kamari. Desemba 2017 Riyadh ikapokea mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka yenye jina la Mfalme Salman. Mambo ndivyo yalivyo, kila mtu na mwalimu wake.

Lakini liko jambo moja katika hukumu hiyo linalogusa hasa habari ya leo, nayo ni ada. Zawadi inatoka mfukoni mwa nani? Wachezaji wakichanga fedha zao, kisha mshindi akazibeba, hapo harufu ya kamari ipo na watu wana haki ya kusita. Kombe lililonunuliwa na mfadhili wa nje asiyecheza ni jambo jingine. Mashindano mengi ya wanafunzi hutoa vikombe na medali, hayatoi pesa, na ada inakwenda kwenye ukumbi na waamuzi. Mzazi anayetaka kujitoa shakani aulize swali hilo kwa mwandalizi, na jibu amfikishie shehe wake. Na ratiba ya raundi ipangwe isigongane na swala. Raundi ya mchana ikianza saa saba na nusu badala ya saa saba, hakuna kitakachoharibika.

Sasa langu.

Dada yangu ana binti. Alijifunza sataranji darasa la tano kutoka kwa mwalimu kijana wa mazoezi aliyekaa shuleni kwao muhula mmoja na kuacha bodi mbili za plastiki. Wasichana wa darasa lake walizicheza mpaka farasi mmoja akapotea, wakamtengenezea mwingine kwa kifuniko cha soda. Mtoto akaja kwangu kila Jumapili. Mwezi wa tatu alinifunga. Mwezi wa nne sikumshinda tena.

Miaka miwili iliyopita ilitoka habari ya mashindano ya vijana Nairobi. Shule ingepeleka watoto watano, lakini kila mzazi alipe ada ya kuingia, nauli, na malazi ya siku mbili. Mamake aliniletea karatasi. Ukijumlisha ilikuwa fedha ya kueleweka, si ya kutisha. Mwezi huo nilikuwa na harusi ya binamu, na nilishaahidi mchango mbele ya watu. Mtoto alikaa pale kwenye mkeka akinitazama ninavyopiga hesabu.

"Mwakani, inshallah," nikamwambia. "Mwakani utakwenda wewe wa kwanza."

"Sawa, mjomba," akasema.

Mamake akaenda shuleni kuomba angalau mtoto aandikwe, fedha zitafuata. Akaambiwa orodha inafungwa Ijumaa na asiyelipa haingii. Hakuna aliyekuwa mkali wala aliyevunja sheria yoyote. Ijumaa ikafika. Wakaenda wanne.

Mwakani ilipofika, yule mwalimu kijana alishahama, bodi ziko kabatini, na mtoto alishaingia sekondari na hataki kusikia habari ya sataranji. Nilipomletea bodi mpya ya mbao siku ya Idi alishukuru kwa adabu, akaiweka juu ya kabati. Sijui kama angeshinda kitu Nairobi. Huenda angepigwa raundi zote sita, akarudi na namba kama 105. Sitajua, na yeye hatajua.

Kwa hivyo nawaomba walio na nafasi. Chama cha taifa, Chess Kenya, kina orodha ya mashindano ya mwaka, mzazi aulize mapema, si wiki ya mwisho. Shule inayotoza ada iandike chini ya karatasi ile ile mstari mmoja: asiyeweza kulipa aje aseme, na amtaje mtu wa kumwendea. Mama wa Tani aliandika barua kwa sababu alikuwa na anwani ya kuiandikia. Mama zetu wengi wataona haya, watakaa kimya, watamwambia mtoto amelala vibaya anaumwa, kuliko kusimama ofisini kuomba. Walio na biashara mjini hapa wanafadhili mashindano ya mpira mwezi wa Ramadhani na kombe lake linang'aa. Mtoto mmoja kwenda na kurudi Nairobi kwa sataranji ni sehemu ndogo ya bei ya jezi za timu moja. Na michango ya harusi, jamani, sisi wenyewe tunajua tunavyofanya.

Juzi nilimtumia binti yetu ile habari ya Tani na askofu aliyemtoa mhanga. Hakujibu siku nzima. Usiku akaniandikia: "Mjomba, askari gani? Wa upande wa mfalme au wa malkia?"

Sikuwa najua. Nikamwambia atafute mchezo wenyewe auchunguze. Jumapili hii amesema atakuja, na amesema niilete bodi chini kutoka juu ya kabati la mamake, maana yeye haifikii.